Ndege Iliyozunguka Juu ya Muhogo Wetu

Karibu na Kilo, 15 Machi 2024

Kwa rubani wa ndege nyeupe yenye mustari mwekundu,
Shule ya kuruka, Bunia

Sikusalimii, juu sikujui. Jina langu ni Hortense. Nafundisha darasa la tatu kwenye shule ya misheni hapa mulimani, nusu saa kwa miguu mupaka Kilo. Kama ni weye uliyepita juu yetu Jumanne, tarehe kumi na mbili, saa ine na nusu za asubuhi, hii barua ni yako. Isome mupaka mwisho.

Unajua siye tunaishi namna gani hapa? Tangu mwezi wa pili, kila mulio unaotoka juu ni bomu. Askari walitangaza kanisani: ndege ya raia hairuhusiwi tena kupita juu ya hivi vilima, na ile itakayopita ni ya vita. Watoto wangu wa miaka nane walijifunza hilo mbele ya kujifunza kuzidisha.

Ulipokuja nilikuwa naandika tarehe ubaoni. Sikuwa na haja ya kusema neno. Watoto arobaini na saba waliingia chini ya madawati kwa mara moja. Mumoja wao, Sylvie, alijikojolea, akanishika mguu kwa nguvu mupaka kucha zake zikaingia. Kisha ukapita, tukapumua. Kisha ukarudi! Ukazunguka mara ya pili, chini zaidi, nikaona magurudumu yako kwa dirisha. Juu ya nini ulirudi? Ulikuwa unatuchezea?

Kama ingekuwa hayo tu, ningekuandikia matusi yangu, yakaisha. Lakini bwana yangu Michel alikuwa kwenye kiwanja cha mupira, ameanika muhogo wetu juu ya bâche ine nyeupe, zile turubai tulizopewa wakati wa kukimbia vita. Kesho yake askari sita walikuja. Walisema zile bâche ni alama, Michel alizitandika ili ndege ijue mahali pa kuangusha silaha za watu wa porini. Walimufunga mikono na kamba ya mbuzi wake mwenyewe. Mupaka leo yuko kwenye kasho, jela ya kambi, na wananikataza kumuona.

Sema ulikuwa unafanya nini juu yetu. Andika kwa mukono wako na utie sahihi. Huku hakuna réseau ya simu tangu antenne ilipochomwa, kwa hiyo jibu umupe Ézéchiel, mwenye piki-piki anayekuletea hii. Anakuja Bunia kila juma na maharagwe.

Mwalimu Hortense


Bunia, 22 Machi 2024

Kwa Bibi Mwalimu Hortense

Bibi,

Tumepokea barua yako ya tarehe 15 Machi. Baada ya kuchunguza kitabu chetu cha safari, tunakujulisha kwamba tarehe 12 Machi hakuna ndege yoyote ya shule yetu iliyoingia katika anga lililokatazwa. Ndege yetu ilikwenda Mahagi na kurudi kwa njia yake ya kawaida.

Tunasikitika kwa matatizo ya familia yako, lakini hayatuhusu. Tunakuomba usitaje tena jina la shule yetu mbele ya watu. Nakala ya barua hii imepelekwa kwa wakubwa wa jeshi ili wawe na habari.

Fabien, Directeur


Bunia, mutaa wa Lumumba, 23 Machi 2024

Mama Hortense,

Barua yako haikuwa ya Directeur, ilikuwa yangu. Niliikuta imefunguliwa juu ya meza ya secrétaire, nikaisoma nikiwa nimesimama. Sijui wamekujibu nini. Najua tu kwamba hawakukujibu ukweli.

Ni miye niliyepita juu yenu. Naitwa Musoki, niko binti wa miaka makumi mbili na tatu, na sijakuwa rubani bado, niko mwanafunzi. Ilikuwa safari yangu ya pili ya kwenda mbali peke yangu: Bunia, Mahagi, kurudi Bunia. Wakati wa kurudi, mvua ilitoka upande wa ziwa, nyeusi, ikafunga njia yote. Nikapinda upande wa magharibi kuikwepa. Nilifikiri ni dakika tano tu. Ikawa kumi na nane. Nilipotoka kwenye mawingu, vilima vyote vilifanana. Nikashuka kutafuta kitu ninachoweza kukijua kwenye carte yangu, ile ramani ya rubani: barabara ao muto ao kanisa. Nikaona mabati ya shule yenu na kiwanja chenye vitu vyeupe. Nilizunguka mara ya pili, juu mara ya kwanza sikuona vizuri barabara inaelekea wapi. Sikuwachezea, Mama. Nilikuwa naogopa, jasho linatoka mikononi mupaka usukani unateleza.

Hakuna mutu aliyeniambia kwamba anga lenu limefungwa. Karatasi ya kukataza ilifika shuleni tarehe ine. Lambert, moniteur wangu, yule anayenifundisha kuruka, aliitia kwenye droo yake akaisahau. Niliporudi nikamuonyesha kwenye carte mahali nilipopita, uso wake uligeuka.

"Hukufika huko," akasema.

"Nilifika."

"Musoki, sikiliza vizuri. Hukufika huko."

Akachukua kitabu cha safari, akaandika njia nyingine, akanipa kalamu. Nikasaini. Unaniomba sahihi yangu, Mama, na sahihi yangu tayari iko chini ya uongo.

Habari ya bwana yako sikuijua mupaka leo. Inaniuma. Lakini usiniandikie kama vile ni miye nilileta ile kamba. Kamba ilikuwa mikononi mwa wengine. Nikisema, shule inanifukuza, na askari wanaweza kunifunga na miye. Unipe siku chache nifikiri.

Ukiisha kusoma hii, uichome.

Musoki


Karibu na Kilo, 28 Machi 2024

Musoki,

Siku chache ufikiri!

Nilipata barua mbili kwa siku moja, ya Directeur wako na yako. Nilisoma ya Directeur kwanza, nikafikiri labda nimekosea shule. Kisha nikafungua yako. Unajua namna inavyoumiza, kudanganywa na kupewa ukweli kwa saa moja, na ule ukweli unaomba uchomwe?

Sikuichoma. Nimeishona ndani ya pindo la kitenge changu.

Sasa sikia kazi ya sahihi yako. Ile nakala ya Directeur ilifika kambini. Jumatatu mukubwa wao aliniita. "Mama," akaniambia, "shule ya Bunia inasema si ndege yao. Basi ilikuwa ya nani?" Nikasema ni ya shule, nimeona mustari mwekundu kwa macho yangu. Akacheka. "Ndege isiyo na mwenyewe ni ndege ya adui. Bwana yako ndiye atatuambia mwenyewe ni nani." Jumanne wakamupandisha kwenye lori mupaka Bunia, kwa magistrat, hakimu wa askari. Mbele ya uongo wenu alikuwa mulimaji mwenye bâche. Nyuma ya uongo wenu amekuwa mutu wa waasi.

Yuko huko kwenu, Musoki. Weye unaamka Lumumba, unakunywa chai, na yeye yuko muji ule ule, sijui kama anakula. Miye siwezi kuja, askari wamefunga barabara tangu Jumapili, wanamupitisha Ézéchiel tu na maharagwe yake. Kesho ni Ijumaa Kuu na sina hamu ya kuingia kanisani.

Michel hakufanya kitu. Hakuinua hata mukono. Alikuwa anageuza muhogo, kichwa chini, mutu wa Mahagi aliyekuja hapa kulima, basi. Wende kwa magistrat useme ni weye, na useme na hilo: hakuinua mukono.

Usiponijibu nyuma ya Pasaka, nitaipeleka barua yako miye mwenyewe, hata kwa miguu.

Hortense


Bunia, 2 Aprili 2024

Mama Hortense,

Usinitishe. Nimetishwa sana hii juma. Lambert alikuja mupaka nyumbani, akakaa kwenye kiti cha baba yangu, akaniambia mbele ya mama: "Ukifungua kinywa, hutashika usukani tena katika hii inchi." Nikamwambia atoke. Sijawahi kumufukuza mutu mukubwa nyumbani kwetu. Mama alilia kwa haya.

Baba aliporudi dukani nilimwambia yote. Nilifikiri atakasirika juu ya ndege. Hakusema neno juu ya ndege. Aliuliza tu: "Ulisaini?" Nikasema ndiyo. Akaitupa kofia yake ukutani. "Tulikimbia Butembo na jina letu tu," akasema, "na weye unaliweka chini ya uongo wa mutu mwingine!" Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alinipeleka kwa avocat, anayetetea watu mahakamani.

Basi nitaenda. Magistrat amekubali kunisikiliza tarehe kumi na moja. Niko na carte yangu ya ile siku, yenye alama zangu za penseli, saa na dakika, mupaka juu ya kiwanja chenu. Lambert alifuta vya kitabu cha shule, hakujua kwamba carte naenda nayo nyumbani.

Lakini kuna jambo, na utanichukia juu yake. Umeandika bwana yako hakuinua mukono. Mama, nilimuona. Mutu mwenye shati ya manjano, kando ya bâche. Nilipozunguka mara ya pili, aliinua mikono yote miwili akaipunga. Ndiye mutu wa kwanza niliyemuona tangu nipotee, na nilifurahi kama mujinga. Niliinamisha bawa kumujibu.

Wakiniuliza, niseme nini?

Musoki


Karibu na Kilo, 6 Aprili 2024

Musoki,

Funga kinywa.

Nani aliomba macho yako? Ulikuwa umepotea, umejaa woga, jasho mikononi, ni weye uliandika hivyo, na bado uliweza kuona rangi ya shati? Watu wangapi wako na shati ya manjano? Hukuona kitu. Uliona muhogo.

Unajua mukono ulioinuka ni nini kwa hawa watu? Ndiyo kitu kimoja tu wanachokosa. Wako na bâche, wako na ndege. Ukiwapa mukono, wamemaliza. Hawatamuuliza tena kitu. Miye nimewaapia mara tatu kwamba hakuinua, nimeapa kwa Bikira, na weye unataka kuja na ukweli wako wa kuchelewa kunifanya muongo na kumufanya maiti.

Mulikuwa wepesi kudanganya wakati wa kujilinda. Directeur alidanganya na tampon, muhuri wake, Lambert alidanganya na kalamu, na weye ukasaini. Sasa kwa kumulinda mutu mumoja tu asiye na kosa, ndiyo dhamiri inakuamsha? Ilikuwa wapi tarehe kumi na mbili?

Sema ulipotea. Sema ulizunguka. Onyesha carte yako. Kisha unyamaze.

Nakuomba. Umeona? Nimefika hapo, miye ninayekuchukia, nakuomba.

Hortense


Bunia, 12 Aprili 2024

Mama Hortense,

Kaa chini mbele ya kuendelea. Nimesema yote, hata mikono.

Sikuenda na hiyo nia. Barua yako ilifika siku moja mbele ya ile tarehe, nikaisoma mara nyingi, nikakubali. Njiani nilikuwa narudia kama somo: nilipotea, nilizunguka, niliona muhogo. Magistrat ni muzee mwembamba, anasema polepole, hapandishi sauti. Alichukua carte yangu akaifuata na kidole mupaka mwisho. Aliuliza juu ya mvua, juu ya Lambert, juu ya kitabu cha safari. Nilimujibu yote. Kisha akauliza:

"Kwenye kiwanja, uliona mutu?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anafanya nini?"

Avocat wangu alikohoa. Nilikuwa na jibu lako tayari mudomoni, na nikaona ni kitu kile kile alichonifanyia Lambert: mutu ananipa kalamu, ananionyesha pa kusaini. Nilikasirika, Mama. Nilikukasirikia weye, na Lambert, na huyu muzee na maswali yake, na yule mutu wa shati ya manjano. Juu ya nini alinisalimia?

"Alinipungia mikono," nikasema. "Miwili. Nami nikainamisha bawa la kushoto, kumujibu. Ni miye ndiye mwenye kosa, hakuniita, nilikuwa nimeshafika."

Avocat alifunga macho. Magistrat alirudisha karatasi zake nyuma, nyingi, mupaka ya kwanza kabisa, akasoma kwa sauti. Ni maneno ya bwana yako, ya siku ile ile waliyomukamata: "Ndege ilishuka sana, nikafikiri iko na shida, inatafuta pa kutua. Nikaipungia mikono kuionyesha kwamba kiwanja kina mawe. Ikanijibu, ikainamisha bawa la kushoto, ikaenda."

Alisema hivyo tangu siku ya kwanza, Mama. Walimupiga juu ya hilo, juu walisema ndege haisalimii watu, anatunga hadithi. Na hakugeuza hata neno moja.

Magistrat alivua miwani yake. "Huyu alitaja bawa la kushoto wiki ine zilizopita," akasema, "na huyu binti hajawahi kuonana naye." Akaandika muda murefu. Kisha akaniambia nitoke.

Ungenifanya nimufunge mara ya pili. Ningesema niliona muhogo tu, na wangeona mumoja kati yetu anadanganya, na wangechagua yeye. Na miye ningekubali kufanya hivyo! Sijui ni nani nimukasirikie zaidi, weye ao miye.

Nilimuona kwenye koridoo. Amekonda, anaweka kichwa upande mumoja ili asikie. Avocat alimwambia miye ni nani. Alinisalimia kwa adabu, "Jambo, mutoto wangu." Nilikimbia kama mutoto kweli.

Shule imenifukuza jioni ile ile. Directeur anasema nimeharibu jina lao. Lambert yuko, anaruka, ufunguo wa ndege mukononi. Wamesema ile karatasi ya kukataza ilipotezwa na secrétaire. Nilimuita Lambert muongo mbele ya wanafunzi wote, akacheka kidogo, akaenda kuangalia mafuta ya ndege. Mwanafunzi aliyepanda naye hakuniangalia.

Wanasema bwana yako atatoka mbele ya mwisho wa mwezi. Akitoka, naomba ruhusa ya kuja kwenu, kumuomba musamaha kwa kinywa changu.

Musoki


Karibu na Kilo, 2 Mei 2024

Musoki,

Michel alirudi Jumamosi, tarehe makumi mbili na saba, juu ya piki-piki ya Ézéchiel, katikati ya magunia. Watoto walimuona mbele ya miye kumuona. Nilitoka darasani na chaki mukononi, na nilipomufikia sikulia, nilimupiga. Nilimupiga kifuani na ngumi zangu mbili, na yeye alisimama tu, akanishika kichwa.

Sikio lake la kushoto halisikii tena. Vidole viwili vya mukono wa kuume havikunjiki. Hatashika jembe hii musimu.

Usiku wa kwanza sikumuuliza kitu. Asubuhi, tukinywa uji, nilimuuliza: "Ulipunga mikono?" Akasema: "Nilipunga." Nikamuuliza juu ya nini hakuniambia ile siku, mbele ya askari kuja, wakati tulikuwa na jioni nzima ya kuongea. Akasema: "Ungenikataza kusema." Ni kweli, ningemukataza. Nilikukataza na weye. Nilikosa, na nimeandika hilo mara moja, usingoje niandike tena.

Lakini usifikiri hasira yangu imeisha. Imepanuka tu. Iko kwa wale waliomupiga mutu juu ya kusema kweli, na hawakumuomba hata radhi, walimupa karatasi ya kutoka kama mutu anayepewa risiti ya soko. Iko kwa Directeur wako. Nimemuandikia barua, bila tusi hata moja, na ilinigharimu siku tatu. Padri ameisoma na ametia sahihi chini ya yangu, na walimu wote sita. Tunamuuliza juu ya nini Lambert anaruka na weye unakaa nyumbani. Sikufanya hivyo kwa kukupenda. Nilifanya juu Michel aliniuliza, "Na yule mutoto, wamemufanya nini?", na nilipomwambia, aliacha uji wake.

Na hasira iko kwako pia. Ulisaini. Siku makumi tatu, mupaka uliposema, bwana yangu alipigwa, na katika zile siku kulikuwa na asubuhi ambayo ungeweza kusema hapana, na hukusema. Ulisema nyuma, umechelewa. Ni heri kuliko kutosema, lakini sikio halirudi.

Juzi ndege ilipita tena, juu sana, ya askari labda. Watoto waliingia chini ya madawati. Miye zamani woga ndiyo ulinifikia kwanza. Sasa ni hasira inafika kwanza, na nilibaki wima mbele ya ubao, nikaendelea kuandika. Sylvie alinichungulia kutoka chini ya dawati lake mupaka mulio ukaisha.

Unaomba ruhusa ya kuja. Michel anasema uje. Barabara imefunguliwa. Njoo Jumapili, nyuma ya misa, na Ézéchiel akuache kwenye daraja, utembee. Usilete zawadi, usilete avocat, usilete maneno uliyojifunza njiani. Umuongeleshe upande wa sikio la kuume.

Atakupokea mulangoni, nafahamu tabia yake, atakupa kiti kizuri na atakuomba radhi kwamba kiwanja kilikuwa na mawe. Miye nitakuwa ndani, nimekaa. Usingoje nisimame.

Hortense